Mitunguja ya Mama Mkwe

Mwaka wa pili au wa tatu baada ya uhuru, nilihitimu masomo ya ngumbaru kwa alama ambazo, nikikumbuka vizuri, zilimtoa machozi mwalimu wetu wa kutoka bara. Nilijua kusoma, kuandika, na sura nzima ya kilimo cha kisasa. Tena nilikuwa bwana arusi mpya, na kama ilivyo ada ya Lamu nikahamia nyumba ya mke: sisi juu, mama mkwe chini, na harufu ya mapishi yake ikipanda ngazi kuniita.

Mama mkwe alikuwa na kishamba nyuma ya mji, mibaazi arubaini. Kila Ramadhani alipika mbaazi za nazi za kufuturisha mtaa mzima, na akitamba kwamba tangu azaliwe hajanunua mbaazi ya mtu. Sasa ilibaki miezi miwili mwezi uandame, mibaazi imechanua, lakini katikati yake, astaghafirullah! Mitunguja tupu, miba mpaka kwenye majani. Na kitabu chetu cha ngumbaru kilisema wazi: magugu huuibia mmea chakula.

Nikaamua kumfurahisha. Nikang'oa kutwa nzima, miba ikanichoma hata mahali ambapo sikujua kama ninapo. Safu fupi ya ukutani nikaiacha, mikono imevimba kama mahamri. Nikarudi nyumbani kwa mwendo wa gavana.

Asubuhi yake wakaja mbuzi. Walikuwa kumi na mmoja. Watu mimi huwaambia mia tatu. Walipita hapo kila siku wakienda jaani, wakanusa ile miba michungu, wakaenda zao. Siku hiyo wakaingia kama walioalikwa arusini. Nilipofika nilikuta vijiti, na beberu mmoja anacheua, ananitazama kwa shukrani. Nikamrushia kiatu, akaanza kukitafuna. Ile mibaazi mitano ya ukutani tu, iliyozama ndani ya mitunguja, haikuguswa hata jani.

Mama mkwe akaja, leso kiunoni.

"Ni nani along'oa mitunguja yangu?"

"Mimi, mama. Ni magugu. Yanaiba chakula."

"Yaiba! Mato yako yako wapi, mwanangu? Mtunguja hula kijiko, mbuzi hula na chungu!"

"Kitabuni, mama—"

"Na mbuzi wamekisoma hicho kitabu?"

Akanipa hukumu papo hapo: mbaazi za futari zitoke kishambani humo humo, la sivyo Ramadhani nikafuturu kwa mama yangu mzazi. Na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiunguza hata maji.

Nikazunguka mji kuokota miche ya mitunguja. Nikapanda thelathini kuizunguka mibaazi mitano, nikainywesha asubuhi na jioni. Mchukuzi wa maji akasimamisha punda wake kunitazama.

"Bwana msomi, mwakani utapanda mawe?"

"Ukiniletea mbegu," nikamjibu.

Mbuzi hawakusogea tena. Lakini mitunguja ikanenepa kama makadhi, mibaazi ikageuka manjano, maua yakaanza kupukutika. Mama mkwe akaja kukagua, akashika kichwa.

"Umewapa wageni chakula, wenyeji wana ndaa! Ng'oa ya ndani, wata ya nde!"

Nikang'oa iliyobanana na mashina, nikaacha duara la nje, hatua moja mbali. Baada ya wiki mibaazi ikarudi kijani, ikafunga maganda.

Ilitoa bakuli moja. Bakuli moja, kwa mtaa mzima! Siku mbili kabla ya mfungo mama mkwe akanituma Mokowe, ng'ambo ya maji, kimya kimya, nikarudi na gunia la mbaazi limefunikwa mkeka. Mama mkwe akamimina gunia, akamimina na bakuli letu juu yake, akakoroga, akanitazama.

Jioni ya kwanza wanaume tukakaa ukumbini, wanawake nyuma ya pazia. Jirani mmoja akaonja.

"Mashaallah, za mwaka huu nene!"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Za kishambani mwangu. Mkwe wangu amezilea mwenyewe. Au siyo, Bwana?"

Nyuso zote zikanigeukia. Saumu yangu ilikuwa salama na uongo, nilikwisha kufungua kwa tende. Nikameza.

"Zote, mama. Na nyingine tumeziacha mtini, mikono imechoka kuchuma."

Mkono wenye hina ukatoka chini ya pazia, ukanisogezea sahani ya pili.