Inzi Wenye Macho Meupe

Mambo ya jeni nilijifundisha mwenyewe, kwa simu iliyopasuka kioo, katika chumba cha kupanga huko Rosettenville. Sikuwa na cheti chochote, ndiyo maana niliogopa kukosea kuliko wenye vyeti.

Jirani yangu, dada mmoja wa Lubumbashi, alikuwa mtunza inzi wa matunda katika maabara. Siku moja, bila ruhusa ya mtu, aliniletea chupa ya inzi wenye macho meupe. Ukoo wao ulifungiwa maabarani tangu kabla hatujazaliwa. Alisema amechoka kuniona nikijifunza kwa picha tu.

Nilishasoma kwamba karibu inzi wote wa mitaani wamebeba kipande cha urithi kinachojinakili na kuhamia sehemu nyingine za jeni, na kwamba kilienea duniani kwa miongo michache tu. Wale wa chupani hawakuwa nacho. Walifungiwa kabla hakijafika. Dume wa mtaani akimpanda jike wa chupani, watoto wao huweza kuwa tasa.

Niliwalisha uji wa mahindi na hamira. Asubuhi na jioni nilitoa pamba mdomoni mwa chupa ili niwahesabu. Dada alinionya kwamba mara moja kwa wiki inatosha, maana chini ya dirisha langu mwenye nyumba aliuza ndizi na mapapai, na inzi wa mtaani walijaa hapo. Sikumsikiliza. Niliona huo ndio uangalifu.

Julai nikaona chupani jike mwenye macho mekundu, kama ya inzi wa mtaani. Kesho yake walikuwa tisa.

Wiki hiyohiyo dada aligonga mlango. Utitiri ulikuwa umemaliza inzi wote wenye macho meupe kazini, na bosi alimpa mpaka Ijumaa awapate wengine, la sivyo aondoke.

"Mdogo wangu, ile chupa yako ingali nzima?"

Nilimwomba anipe saa moja. Niliwaweka inzi kwenye friji hadi wakazimia, nikawamwaga kwenye sahani, nikawatoa wote wenye macho mekundu kwa brashi ndogo. Hakubaki hata mmoja. Lakini nilijua ninachofanya. Inzi dume huchukua macho meupe ya mama yake, na kile kipande cha baba wa mtaani anakibeba ndani, hakionekani popote.

"Ni safi?" aliuliza.

"Safi, dada."

Akaniombea baraka pale mlangoni, chupa kifuani.

Oktoba majaribio yao yaliharibika. Majike wengi hawakuwa na mayai. Dada aliniambia kosa lazima ni lake, labda hakukaza pamba. Wakamfukuza.

Siku aliporudi kwao nilimbebea begi hadi kituo cha basi. Sentensi ya kukiri nilikuwa nayo tangu nyumbani, lakini kila nilipoipitia niliona haijakaa sawa. Nilikuwa bado naipanga basi lilipoondoka.