Bonde la Mazuku Nyuma ya Nyumba Yetu

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mtaa wetu wa Goma ulinuka kiberiti, kana kwamba kuna mtu mlimani anawasha njiti moja baada ya nyingine. Papa, baba yangu, aliipenda harufu hiyo kwa sababu volkano ndiyo iliyotulisha. Aliwapandisha wageni mlimani, akawateremsha ziwani, na mwisho akawaleta kwenye bonde dogo nyuma ya nyumba yetu ya mbao, ambako hewa mbaya isiyoonekana hutoka ardhini na kutulia chini. Sisi huiita mazuku, na huua mbuzi, hata mtu. Papa aliteremsha karatasi inayowaka kwenye ncha ya fimbo. Moto ukazimika bila upepo wowote, na wageni wakapiga makofi. Mimi binti yake nilijivuna kuliko yeye.

Kisha vita vikasogea. Wageni wakakatika, na barabara ya Rutshuru ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Nyumbani hatukutulia. Mama alifunga mabunda, akayafungua, akayafunga tena. Papa alitoka nje kila gari lilipopita. Jioni moja mwanamke kutoka Kalengera, mwenye watoto wawili, akatandika turubai bondeni. Aliona majani laini na nafasi tupu, akamshukuru Mungu.

"Mama, usilale pale," mama yangu alimwambia. "Kuko mazuku."

Yule mwanamke akadhani amesikia neno mizuka. "Siogope mizuka. Tuko bakristu. Sema tu kama unatufukuza."

"Siko nakufukuza, mama."

Lakini alikuwa amefukuzwa mara nyingi mno njiani, na maneno yetu yalifanana na ya wengine. Akamlaza mtoto mdogo, akamfunika. Papa hakubishana. Aliwasha karatasi kwenye fimbo, akaishusha karibu na kichwa cha yule mtoto, na moto ukafa. Mwanamke akamnyakua mwanawe, akamtikisa mpaka akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

"Sasa tulale wapi?" akauliza. Mama akasogeza mabunda yetu ukutani, wakalala sebuleni.

Siku hizi bonde lina kibao cha hatari, na wageni wachache wanaokuja hukipiga picha. Kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ilishajaa, na watu bado wanatafuta pa kulala. Ninapowaonya wasilale mabondeni, hunitazama usoni kwanza, wapime kama nawaonea huruma au nimewachoka. Nami kila mara naogopa watakachokiona.