Jina la Baba Ukutani

Baba yangu alikuwa na biro nyekundu ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi niliigusa mara moja, nikajipaka kucha, nikachapwa. Haikuwa biro ya maana, ni hizi hizi za dukani, ila aliitunza kwenye mfuko wa kanzu kwa kazi moja tu: kufuta majina ya waliokufa kwenye orodha ya wapiga kura.

Kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Uchaguzi ukikaribia, orodha ya majina ilibandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi hapa kwetu Kaole, watu waje wajikague. Baba alikuwa mjumbe wa mtaa, basi alilibeba benchi letu la barazani, akaliweka chini ya ile orodha, akakaa wiki ya kwanza, akakaa na ya pili. Asiyejua kusoma alisomewa. Na akikuta jina la marehemu, halifuti hivi hivi. Anakwenda kwanza kwa wafiwa, anakaa, anakunywa chai, ndipo anasema, "Nimekuja kuomba ruhusa nimpumzishe." Neno kufuta hakulitumia kabisa. Alikuwa akisema marehemu ameshamaliza kazi zake, isije ikawa mtu anamwamsha siku ya kura, anapiga kura kwa jina lake na kumtuma asikotaka kwenda.

Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa alifiwa na mama yake wakati huo wa orodha. Baba alipofika akaambiwa siku kumi na tatu za msiba hazijaisha. Akarudi zake, na siku ya kumi na nne yuko mlangoni na biro yake. Mama alimcheka mpaka akakaa chini, akamwambia unawapenda maiti kuliko sisi tulio hai. Baba akasema ninyi mlio hai mna midomo ya kujitetea.

Halafu mambo yakaanza kulegea, polepole, hata huwezi kusema ni lini. Kwanza tuliambiwa wajumbe wasikae tena pale ukutani, mwenye marehemu wake aje mwenyewe na cheti cha kifo, ajaze fomu. Kisha siku za kubandika orodha zikapunguzwa. Wakubwa walisema ni kurahisisha mambo. Mimi nina mdomo, nakiri, nikasimama kwenye mkutano wa mtaa nikauliza: inamrahisishia nani? Nikaambiwa nirudi kwenye uji wangu, kwa sababu kazi yangu ni kuuza uji na maandazi pale shuleni. Baba alikuwa amekaa kando yangu, akanivuta kanga nikae. Tulipofika nyumbani akacheka, lakini benchi akalirudisha barazani na biro akairudisha mfukoni.

Alifariki mwaka ule wa uchaguzi, kabla orodha haijatoka. Aliugua siku nne tu. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, amevaa nguo zake nyeupe, hatoki nje ya ua. Orodha ilipobandikwa alikuwa bado ndani. Akaniita chumbani, akanipa cheti cha kifo ndani ya mfuko wa plastiki, na ile biro nyekundu juu yake, ingawa alijua fika siku hizi biro haina kazi.

"Nenda kampumzishe baba yako," akaniambia. "Usiache wakamwamsha."

Nikaenda. Orodha ilikuwa kwenye ukuta wa darasa la tatu, karani wa fomu amekaa na meza yake pembeni, hatua chache tu kutoka ninapoweka ndoo yangu ya uji. Nikampata. Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, na picha ndogo kama stempu. Kanuna kwelikweli, maana siku ya kupiga picha walimwambia avue kofia, na baba kuvuliwa kofia mbele za watu ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo.

Jamani, nilishindwa. Kule nyumbani kanzu zake zilikuwa zimeshagawiwa, makubadhi yamekwenda kwa muadhini, kila mtu anamwita marehemu. Pale ukutani alikuwa bado mtu miongoni mwa watu, ana namba yake na nafasi yake. Nikasema kesho. Kesho yake nikafika na ndoo kichwani, nikampa shikamoo, nikasema kesho. Wanafunzi waliokuwa wakingoja uji wakaniangalia wakafikiri nimepungukiwa. Asubuhi ya mwisho nilikuwa nimepiga moyo konde, cheti kiko kiunoni, nikasema nimalize kuuza kwanza. Kabla ya adhuhuri yule karani wa fomu alikuwa ameshafunga meza yake na orodha imebanduliwa. Enzi za baba ningekuwa na wiki nyingine mbele yangu. Ila sitaki kujitetea sana, siku nilizopewa nilizitumia kumwamkia.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama tayari. Akasema alhamdulillahi, akalala usingizi mzuri. Nilimdanganya mwanamke aliye ndani ya eda, na hilo bado linaniuma.

Siku za uchaguzi zilipokaribia ndipo nilipoanza kukosa raha. Nilikuwa nakanda unga, redio imewashwa, nikasikia safari hii mawakala wa vyama hawatapewa nakala ya orodha ya kushika mkononi kituoni. Na aliyepoteza kadi ya kupigia kura ataruhusiwa kuja na kitambulisho kingine. Sasa nani atasema huyu tulimzika? Nikauacha unga, nikaenda ofisi ya uchaguzi na cheti cha baba. Mtu wa pale akanisikiliza vizuri tu, akaniambia kitabu cha wapiga kura kimeshafungwa, nije uchaguzi ujao.

Mama alitoka eda wiki moja kabla ya kura. Akaoga, akafunga kanga mpya, akaniomba nimsuke. Nikamwambia nikiwa nyuma yake, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nilimweleza yote, ukuta, picha, shikamoo, uongo wangu. Akainamisha kichwa nimalizie upande ule.

"Kwenye hiyo picha alikuwa na kofia?" akauliza.

Nikamwambia hapana, kichwa wazi, na kanuna. Mama akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, mabega yanatikisika, nikashindwa kumsuka. Kisha akapangusa macho akasema basi, tutakwenda kukaa.

Siku ya kura tulibeba benchi letu la barazani, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine. Tulipiga kura mapema. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu wa pale shuleni, mama wa makamo, mteja wangu wa uji wa kila siku. Mama alipomaliza kura yake akasimama mbele ya meza ile.

"Mwalimu, mume wangu yumo humo kitabuni na ameshakufa," akamwambia. "Mimi nitakaa pale mlangoni mpaka mfunge."

Mwalimu aliona haya. Akasema kwa upole kwamba safari hii hakuna ruhusa, aliyekwisha kupiga kura aende nyumbani. Mimi nikafungua mdomo, mama akanifinya. Tukalivusha benchi barabara, tukaliweka kando ya ua wa jirani, mahali ambapo hatukuwa tunaona meza wala kitabu, ni mlango na wanaoingia.

Tukakaa. Kila mwanamume mtu mzima aliyepita, mama alimkagua kuanzia juu mpaka chini, na wengine walikuja kumwamkia wakidhani ana shida. Akawaeleza. Wapo waliotikisa kichwa, wapo waliokaa naye kidogo wakamkumbuka baba na biro yake. Bibi mmoja alisema yeye ana kaka yake kitabuni, naye hakuwahi kupata siku ya kwenda kumtoa, ameshamwambia mwalimu huko ndani, akaomba asogezewe nafasi. Nikaanza kufikiri kitabu kile kina kurasa ngapi. Sisi tulikuwa watu watatu kwenye benchi, tunalinda mistari miwili.

Saa kumi jioni mlango ukafungwa. Mama hakuinuka. Baada ya kitambo mwalimu akatoka, akatazama huku na huku, akavuka barabara. Alimwambia kwanza yule bibi kwamba mahali pa kaka yake hapana alama ya kupiga kura. Kisha akachuchumaa mbele ya mama kama anayekwenda kumpa mkono wa pole.

"Hakuja, mama," akasema. "Nimefungua mwenyewe nikaangalia. Nafasi yake iko tupu."

"Alhamdulillahi," mama akasema. Akamshika mwalimu mkono, akamshukuru, akamwombea dua. Mwalimu akarudi kazini. Mama akabaki anautazama ule mlango uliofungwa.

"Hakuja," akasema tena.

Akalia. Mwanamke aliyekaa eda nzima macho makavu, mpaka majirani wakamsengenya, alilia pale kando ya barabara, na mimi nikamkumbatia nikalia naye. Nilimlilia baba na nilijililia nafsi yangu, maana nitasema ukweli: tangu asubuhi, kila kofia nyeupe ilipochomoza kwenye kona ya ua ule, moyo ulinilipuka, na si mwizi wa jina lake niliyekuwa namtazamia.

Yule bibi akaja kutusaidia kubeba benchi. Njiani mama akasema wakifungua kitabu tena tutakwenda wote wawili, siku ya kwanza, asubuhi na mapema, maana sasa ameshamsubiri vya kutosha.