Kozi Niliyochagua Taya Likiwa Limefungwa Waya

Asubuhi ile vikundi viwili vya vibarua vilifika kwenye mjengo mmoja katika mtaa wa Congo, Kawangware, Nairobi, kila kikundi kikiwa kimeahidiwa kumwaga slabu ya zege. Mimi nilikuwa karani wa mjengo. Niliandika majina ya waliofika na kuangalia simiti isiibwe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiishi Kianda, Kibera, kwa kaka yangu mkubwa, na kazini nilikwenda kwa miguu.

Kikundi kimoja kilitoka Kibera, watu wa kwetu, wa upande wa ziwa. Kingine kilikuwa cha vijana wa hapo Kawangware. Foromani, msimamizi wa mjengo, aliwaita wote akihofia kwamba wengine hawatatokea. Hakuniambia.

"Hii kazi ni yetu," kijana mmoja wa Kawangware alisema. "Nyinyi rudini kwenu."

"Kwetu wapi? Si tumeitwa kama nyinyi?"

Nilisimama katikati nikainua kitabu. "Ngojeni kwanza nisome majina!"

Hakuna aliyengoja. Beleshi la kwanza lilimpata mtu upande wa kichwa, sikio likabaki linaning'inia. Kisha yakaja mawe, mapanga, vipande vya nondo. Nilimwona fundi mmoja, baba wa watoto wawili, aliyezoea kunitania kwamba mwandiko wangu ni wa daktari, akichomwa nondo tumboni. Alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka, akaishika ile nondo kwa mikono yote miwili. Nikamkimbilia. Kabla sijamfikia, mpini wa sururu ulinipiga tayani. Nilisikia mfupa ukivunjika, na maumivu yakaja baadaye.

Foromani alikuwa ameshatoroka. Polisi walipofika walipiga rungu kila mtu, waliosimama na waliolala. Fundi yule alikufa kabla ya kufika hospitalini.

Mimi nilifungwa taya kwa waya. Kwa wiki kadhaa nilikunywa uji kwa mrija na kuongea kwa kuandika. Mwenye ploti ya ule mjengo, mama wa makamo ambaye jamaa zake walikuwa Kawangware tangu ikiwa mashamba, alikuja kunitazama. Alilia hadi nikamshika mkono mimi mgonjwa.

"Mimi nilijua linakuja kundi moja, msichana wangu," alisema. "Kwani hiyo maneno iliandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Kitabu kilikuwa changu, kalamu yangu, na sikuwahi kuulizia kesho kuna nini. Niliandika waliokuja, basi. Nililala na jambo hilo siku nyingi.

Kaka naye aliamua. "Mjengo imekwisha. Enda usome kompyuta, maofisi zote za tao, huko mjini, zinanunua. Utakuwa sekretari."

Kompyuta niliitaka. Nilidhani ofisi yenye kompyuta ni mahali ambapo hakuna anayeinua mkono. Nikaenda chuo kimoja mjini, waya ungali mdomoni. Mwalimu aliyeandikisha wanafunzi hata hakuniuliza.

"Taipu na kompyuta. Wasichana wote wanachukua hiyo."

Nilionyesha tangazo lililokuwa nyuma yake ukutani: usimamizi wa miradi, pamoja na kazi za kuweka kompyuta maofisini.

"Hiyo ni ya wanaume wenye uzoefu, dada. Wewe umesimamia nini?"

Nikachukua kalamu yake nikaandika: *Nimeona kazi isiyo na mpango ikiua mtu.* Alisoma, akanitazama taya, akasoma tena. Kisha akanipa fomu.

Jioni nilimwonyesha kaka ile fomu mbele ya wageni wake. Alidhani nimempuuza mbele ya watu. Alinipiga kofi upande ule ule uliovunjika, na damu ikapita kwenye waya. Nilikunja nguo zangu kwenye leso, nikavuka hadi Kawangware kwa yule mama mwenye ploti, naye akanipa chumba bila maswali. Kaka alikuja baada ya wiki mbili kuomba msamaha. Nilimsamehe, lakini sikurudi.

Waya ulitolewa, nami nikasoma. Nilijifunza kupanga kazi ipi itangulie, nani aambiwe, na lini. Nilipomaliza, kampuni ndogo iliyounganisha kompyuta za maofisi iliniajiri kuratibu mafundi wake. Katika mkutano wangu wa kwanza niliwaambia nyaya zilizoagizwa haziwezi kufika kwa wakati, kwa hiyo kazi isogezwe. Fundi mkuu alipiga meza kwa ngumi.

"Huyu ametoka wapi kutufundisha kazi?"

Nilijikuta nimesimama, nimekiinua kiti juu ya kichwa, miguu ya kiti ikimwelekea fundi huyo. Nilikiweka chini, nikakikalia, nikamwomba radhi, kisha nikasoma tena tarehe za nyaya, moja baada ya nyingine, hadi akatoa kalamu akaanza kuandika.