Watoto Wasiohesabiwa

Mpaka leo sijui mama yangu alizaa watoto wangapi. Tuliobaki nawajua, maana tuligawana chakula na matusi katika jiko moja. Lakini kabla yangu kulikuwa na wengine, na kati yangu na dada yangu kuna pengo la miaka ambalo hakuna aliyewahi kulisemea neno. Nikiwa mdogo niliwahi kutuhesabu kwa kidole pale motoni, moja, mbili, tatu, na mama akanichapa kwa mwiko aliokuwa akisongea ugali. Hakunieleza kitu. Kwetu watu hawahesabiwi, na watoto ndio kabisa. Ukiwahesabu kuna kitu fulani kinachosikiliza ambacho unakionyesha ulicho nacho, na kitu hicho kazi yake ni kupunguza. Nilikubali hivyo, na sikuhoji mpaka nilipoajiriwa kuhesabu.

Miaka michache baada ya Uhuru nilipata kazi ya ukarani katika kituo kidogo cha afya, juu kabisa ya Nyeri, pale msitu unapoanza na baridi haitoki ukutani hata jua likiwaka. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilikuwa na kiburi nao. Nilijaza kadi za kina mama wajawazito: jina, umri, kijiji, halafu ile safu niliyoichukia, amezaa mara ngapi. Walio hai na waliokufa, wote.

Safu ile haikuwa mapambo. Mama aliyekwisha kuzaa mara tano au zaidi hakuruhusiwa kujifungulia kwetu, kwa sababu kizazi kilichochoka huweza kutoa damu isiyokoma, na sisi hatukuwa na damu ya kumwongezea mtu wala daktari wa kumpasua. Kadi yake ilipigwa muhuri mwekundu. Aliambiwa ashuke hospitali kubwa ya mjini mapema, asubiri siku zake huko huko, kabla mvua haijaikata barabara. Muhuri huo ulikaa mezani kwangu.

Mkunga wetu alikuwa mama Mwislamu wa Majengo, kule mjini. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao, na Kikuyu alikisikia lakini hakukisema. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mama akiingia tu, kabla hajakaa, anaulizwa: "Mama, umezaa mara ngapi? Na waliokufa wahesabu. Usinifiche, mimi si mchawi!" Wee! Nilikuwa nataka ardhi inimeze. Mwanamke wa watu ametembea tangu alfajiri na mimba yake, halafu anaulizwa jambo ambalo hata mumewe hamwulizi, tena mbele ya wenzake waliojaa benchi.

Ajabu ni kwamba walimjibu. "Tano. Mbili ilikufa." Walitaja hivyo hivyo, kwa Kiswahili chao cha sokoni, kama wanaotaja magunia ya viazi. Mimi niliona ni woga tu, kwamba wanaiogopa ile sare nyeupe na ile sauti. Nilijiambia siku moja nitamfundisha yule mama adabu za watu wetu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijua kila kitu.

Mimi niliuliza kwa Kikuyu, na kwa Kikuyu swali lile lilikataa kutoka vizuri kinywani. Nilijizungusha, nikasalimia, nikauliza habari za mbuzi na za mvua, ndipo nikakaribia. Mama akajibu, "Ni wale Mungu alinipa." Au, "Boma halina upweke." Au alitazama chini tu, akishika kiondo chake, na mimi nikajiona nimefanya jambo chafu. Huwezi kuandika kwenye kadi kwamba boma halina upweke.

Basi nikabuni njia yangu. Niliacha kuuliza wangapi, nikawa nauliza majina. "Mkubwa wenu anaitwa nani? Na anayemfuata?" Majina kina mama waliyataja kwa furaha, maana kwetu jina la mtoto si la kuokota. Mvulana wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa mume, wa pili baba wa mke. Wasichana nao hivyo hivyo, kwanza mama wa mume, kisha mama wa mke. Mama akitaja watoto wake anawataja wazee wake wote, na uso wake unang'aa. Droo yangu niliiacha wazi kidogo, na ndani yake nilikuwa na maharagwe. Kila jina likitajwa nilisukuma punje moja upande wa pili, polepole, asisikie. Mwishoni nikachungulia na kuandika. Hakuna mama aliyejua kwamba amehesabiwa, na mimi nilijiona mwerevu kuliko wote waliosomea udaktari.

Mama mmoja alikuja mwezi wa Julai, wakati wa ule ukungu unaokaa wiki nzima bila kuonyesha mlima. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mvi chache pembeni ya kitambaa. Alikaa kwenye benchi akipuliza vidole vyake. Mkunga alikuwa amekwisha kufungua kinywa nilipomwahi.

"Sista, huyu niachie. Wewe unawatisha."

"Nawatisha?" Akacheka, wala hakukasirika. "Haya, karani wa watu. Muulize na adabu zako."

Nikamkaribisha yule mama kwa Kikuyu, nikampa kiti changu chenye mto, nikamletea chai ya wafanyakazi. Tulizungumza habari za baridi na majani chai. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajazoea kuketishwa. Nikamwuliza majina. Akataja jina la baba wa mumewe, halafu la baba yake mwenyewe, halafu la mama wa mumewe, halafu la mama yake. Majina manne yakakaa kwa mpango kama viti vya kanisani. Nikasukuma punje nne.

"Na wengine?" niliuliza, kwa kutimiza wajibu tu.

"Hao ndio wako nyumbani," akasema.

Hapo ndipo ilinipasa kusimama. Nilisikia alivyosema nyumbani, na kabla ya hapo nilisikia alivyokawia kidogo alipotaja jina la baba mkwe. Mimi ni mtoto wa huko huko. Najua kwamba mtoto akifa jina la babu halifi naye, bali anayefuata hulipokea, na yule naye akifa hulipokea mwingine, mpaka apatikane wa kukaa nalo. Jina moja kwangu lilikuwa punje moja. Kwake jina lile lilikuwa wavulana watatu, na wawili walikuwa mchangani. Na kulikuwa na msichana mmoja aliyekufa vilevile, huyo nilikuja kumjua baadaye. Nilijua desturi, niliona mvi, nilisikia kule kukawia. Lakini kuuliza zaidi kungekuwa ufidhuli, na mimi nilikuwa karani mwenye adabu. Nikaandika nne kwa mwandiko wangu mzuri. Muhuri mwekundu nikauacha ulipo.

Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita binti wa mama yake, yaani dada yake kabisa, akaondoka kwenye ukungu.

Alirudi mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zimekwisha kuharibu kila kitu. Ilikuwa asubuhi, uchungu umemshika, ameletwa kwa gari la ng'ombe na shemeji zake. Mtoto alizaliwa kabla ya saa nne, msichana, akilia kwa nguvu zake zote, na sote tukacheka kwa raha. Kisha nikamsikia mkunga ananiita, na haikuwa ile sauti yake ya siku zote. Ilikuwa ndogo.

Nikaingia. Sitaeleza nilichokiona sakafuni. Mkunga alikuwa anakandamiza tumbo la yule mama kwa mikono yote, jasho likimtiririka kwenye baridi ile. "Kadi inasema nne," akaniambia bila kuniangalia. "Huyu mama si wa kuzaa mara nne. Huyu si wa nne hata kidogo." Akainama karibu na sikio la mgonjwa, akamwuliza kwa Kiswahili, polepole: "Mama. Umezaa mara ngapi?"

Yule mama akafumbua macho. Akamjibu papo hapo, bila kukawia, kama mtu aliyeulizwa njia ya sokoni.

"Saba. Hii ni ya nane."

Na mimi nimesimama pale na kadi yangu mkononi! Neno lililokuwa zito mno kusemwa kwa Kikuyu, mbele ya chai na mto wa kiti, limetoka kwa Kiswahili kama pumzi. Ndipo nikaelewa kwa nini walikuwa wanamjibu yule mama wa Majengo. Haikuwa woga. Kile kinachosikiliza, kile kinachopunguza watoto, kilikuwa kinasikiliza Kikuyu. Kiswahili kilikuwa lugha ya chifu, ya duka, ya foleni, na ndani yake namba ilikuwa namba tu. Kwa Kiswahili wangeweza kutaja waliokufa na walio hai, wakarudi nyumbani salama. Mimi niliwauliza kwa lugha ya motoni kwa mama zao, na motoni watu hawahesabiwi.

Dereva wa gari letu alijaribu kumshusha yule mama mjini. Gari lilizama kwenye tope kabla halijafika daraja la kwanza, na shemeji zake wakaanza kulisukuma huku yeye amelala nyuma, mkunga bado amemkandamiza tumbo. Mjini ni mwendo wa saa moja kukiwa kukavu. Walirudi mchana, kwa miguu, wamembeba. Mkunga alikwenda bombani, akanawa mikono muda mrefu, akanipita. Heri angenitukana. Mwanamke yule mwenye mdomo kama kengele hakunitukana siku hiyo wala siku nyingine, na mpaka alipostaafu nilikuwa nalisubiri tusi hilo.

Tangu hapo sikuuliza tena kwa Kikuyu. Niliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kabla mtu hajakaa: umezaa mara ngapi, na waliokufa wahesabu. Maharagwe niliyamwagia kuku. Kijijini walisema nimeanza maringo, ati nimejifanya mtu wa mjini, ati siwezi hata kuongea na mama wa watu kama mtu aliyelelewa. Mama yangu alisikia na akaona haya kwa ajili yangu. Sikujitetea. Kina mama walinijibu, namba zikaandikwa, muhuri ukafanya kazi, na wengi walishuka mjini na kurudi na watoto mgongoni wakiniangalia kwa chuki.

Lakini kabla ya hayo yote alikuja mama mkwe wa marehemu. Ilikuwa siku ya pili yake. Alikuja kumchukua mtoto, na ilikuwa lazima niandike kifo cha mama yake kwenye daftari kabla ya kumwachilia. Nyanya mdogo wa umbo, aliyejifunga shuka kifuani, masikio yametobolewa zamani. Nilimpa kiti. Sikumpa chai, sikuthubutu. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake, na jina alikuwa amekwisha kupewa, la dada ya baba yake, maana majina ya nyanya wote wawili yalikwisha kutolewa na sasa zamu ilikuwa imefika huko.

"Wewe ndiye karani?" akaniuliza kwa Kikuyu.

"Ndiyo, cucu," nikamjibu, kama tunavyomwita kila nyanya.

"Yule binti alituhadithia habari zako. Siku ile aliyokuja hapa alirudi nyumbani akiwa na furaha, akasema huko juu kuna msichana wetu, mtu wa nyumbani, hakumwuliza yale maswali ya aibu. Alimpa na chai." Alitikisa kichwa. "Alikuwa anamwogopa sana yule mwingine. Kama si wewe angekwenda kuzalia nyumbani. Mungu akubariki, mwanangu."

Alikuwa anasema kweli yote, moyoni mwake hakukuwa na sumu hata tone. Nilitamani angekuwa nayo.

Nikalivuta daftari karibu. Jina, umri, kijiji. Nikafika kwenye ile safu. Nyanya hakujua kusoma, lakini alijua kwamba nimefika kwenye hesabu, sijui alijuaje. Aliutazama mkono wangu, kisha akavuta ncha ya shuka yake na kumfunika mtoto uso, asionekane, mpaka nimalize.

Nikaandika nane.