Mlango wa Baba Mkwe

Wasiwasi wangu ulianzia kwenye mifupa ya kuku. Sahani ilikuwa imerudi kutoka kwa baba mkwe, imefutwa safi, na mifupa imevunjwavunjwa na kufyonzwa uboho wote. Baba mkwe hana jino hata moja. Nikasimama nayo jikoni nikajisemea, huyu mzee kaota meno lini?

Nieleze kwanza tulivyokuwa tunakaa. Kiwanja chetu kiko Pito, nyumba mbili zinatazamana. Moja ni yetu mimi na mume wangu. Nyingine ni ya zamani, ya mzee, na humo alikaa na kitinda mimba wake, yaani shemeji yangu. Katika familia niliyoolewa, mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe wala hamtazami usoni. Mkikutana njiani unajiweka pembeni, yeye anapita. Kwa hiyo tangu mzee aanguke na kushindwa kutembea, kazi yangu ilikuwa kupika tu. Shemeji alipokea sahani mlangoni, akamlisha baba yake, akamwogesha, akamgeuza. Hivyo ndivyo alivyotuambia. Mume wangu alikuwa ameshuka bondeni, Mtowisa, kwenye mpunga, na masika yale barabara ya huko ilikuwa haipitiki.

"Shemeji, mzee anakulaje mifupa?" nilimuuliza.

Akacheka. "Anafyonza. We huwajui wazee."

"Basi fungua mlango nimsalimie nikiwa hapa nje."

"Unataka kumchungulia mkweo? Shemeji, huna haya kabisa."

Alisema kwa utani, kama tulivyozoea kutaniana, lakini mkono wake haukuachia komeo. Utani ule uliniudhi kuliko tusi. Mimi hasira zangu ziko karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini ningefanya nini? Ningevunja mlango, kesho ukoo mzima ungesema nimemwingilia mkwe wangu chumbani, na habari ya mifupa nisingepata wa kumwambia. Shemeji alilijua hilo. Heshima yangu ndiyo aliyoigeuza kufuli.

Asubuhi moja nikienda bombani nilipita chini ya dirisha la mzee, nikasikia mtu anakuna ukuta kwa kucha, taratibu. Nikaita, "Shikamoo, baba." Kukuna kukakoma. Niliiacha ndoo palepale.

Nilimpigia mume wangu, hakupatikana. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia ya baba na mwanawe ni mambo ya ndani, nimsubiri mume wangu arudi. Nilitoka pale nimefura. Mzee atakufa humo ndani, nilijiambia, huku sisi tunasubiri mpunga uvunwe.

Njia niliipata kwenye sala. Jumuiya yetu ya kanisani husali kila wiki nyumbani kwa mmojawapo, kwa zamu, na zamu ile haikuwa yangu. Nikamfuata mwenyekiti wa jumuiya, bibi aliyemzidi baba mkwe umri. Nikamwambia kwetu kuna mgonjwa, anaomba asaliwe palepale kitandani kwake.

Bibi akanikazia macho. "Anaomba yeye, au unaomba wewe?"

"Naomba mimi, bibi."

"Haya. Tutakuja."

Wakaja alasiri, wanawake wengi na wanaume wawili, wanaimba tangu barabarani. Majirani wakatoka kutazama. Shemeji akajaa mlangoni.

"Mzee amelala," akasema.

"Tutamwombea amelala," bibi akajibu.

"Ana homa kali."

"Ndiyo maana tumekuja, mwanangu."

Nilikuwa nyuma kabisa. Nilijua akikataa leo, kesho atamficha mzee nisipopajua. Lakini kuwafukuza watu wa sala mbele ya majirani ni jambo zito. Shemeji alisogea kidogo tu, na bibi akapenya, wengine nyuma yake.

Wimbo ukakatikia ndani. Mama mmoja akatoka mbio ameziba mdomo kwa kanga, na harufu ikatoka pamoja naye. Kisha nikamsikia bibi akiuliza kwa upole, "Mzee mwenzangu, nani anakutunza?"

"Mwanangu," baba mkwe akajibu, sauti nyembamba. "Ananitunza vizuri. Msimsumbue."

Shemeji akapata nguvu, akasema, mmesikia wenyewe, salini basi muende. Na watu, kwa aibu ya kusimama kwenye nyumba ya mtu, wakaanza kutazama mlangoni. Niliona mzee anaachwa tena, safari hii mbele ya mashahidi. Sikumbuki kuamua. Nilijikuta nimepita katikati yao, niko chumbani.

Alikuwa chini, juu ya gunia lililolowa mkojo, mgongo umechubuka mpaka nyama inaonekana. Nikapiga magoti, nikamtazama usoni.

"Baba, ni mimi, mkweo. Yule kuku wa juzi, chumvi ilitosha?"

Akafikiri. "Kulikuwa na kuku?"

Wale wanaume wawili hawakungoja kuambiwa. Walimbeba mzee kwa blanketi langu tukampeleka hospitali. Bibi mwenyewe alimwendea mwenyekiti wa mtaa, na kesho yake wakaja na afisa wa ustawi wa jamii. Habari ya mambo ya ndani haikutajwa tena. Shemeji alionywa kwa maandishi, haruhusiwi kukaa na baba yake bila mtu mwingine kuwepo.

Sasa mzee yuko kwangu. Ukoo ulinisema wee mpaka mume wangu aliporudi akawanyamazisha. Vidonda vinafunga polepole. Namlisha mwenyewe uji wa ulezi kwa kijiko, na hatufichani tena nyuso.

Ila kila jioni, kijiko kikiwa kimefika mdomoni, anageuza kichwa na kuuliza, "Yule mdogo wenu amekula?" Siku ya kwanza nilitaka kuutupa uji wote uani. Nilimwambia ale, aachane na habari za yule mtu. Akafumba mdomo, akalala na njaa.

Siku hizi namjibu, "Amekula, baba," hata kama sijui. Ndipo anafumbua mdomo.