Jumapili ya Madirisha

Mdogo wangu alilazwa katika wadi ya wanawake mjini Machakos miaka ile ugonjwa huu ulipokuwa umeingia karibu kila boma na hakuna aliyeutaja kwa jina. Sisi tulisema ana kifua. Majirani nao walisema ana kifua, kisha wakaangalia pembeni. Dawa ambazo watu humeza leo na kwenda kazini hazikuwa zimetufikia. Mtu akiingia wadi ile, wanaume wa kwao walianza kutafuta mbao za jeneza polepole, bila kuambiana.

Wagonjwa walilala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu ya huyu kwenye uso wa mwenzake. Waliochelewa kuja walitandikiwa sakafuni. Wauguzi walikuwa wachache, na wengine wao walikuwa na ndugu zao humo humo. Kumwosha mgonjwa, kumgeuza na kumlisha ilikuwa kazi ya jamaa, nasi tuliruhusiwa kuingia mchana na jioni tu. Asiyekuwa na jamaa aligeuzwa na jamaa wa mwenzake, au hakugeuzwa.

Mimi nilikuwa nikifua nguo kwa familia moja ya Waislamu pale mjini. Mama mwenye nyumba hakuniuliza mengi. Mchana ukifika alinijazia uji katika thamosi na kuniambia, “Nenda, nguo hazina miguu.”

Langoni palikuwa na soja mmoja mkali.

“Rudi nyuma, mama! Mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja.”

“Na hao wanaolala wawili kitanda kimoja, tuingie nusu nusu?” mwanamke mmoja akamjibu, na foleni nzima ikacheka.

“Endelea tu kuongea. Siku moja utaugua nikufungie.”

“Utaanza wewe kuugua, soja, na bibi yako nitamwambia angoje hapo hapo.”

Hata yeye alicheka. Lakini lango lilipofunguliwa kicheko kiliisha, kwa sababu sote tulikimbia. Hukujua kama wa kwako bado yupo mpaka umfikie.

Watoto hawakuruhusiwa kabisa. Walisema ni kwa sababu ya kifua kikuu, na nafikiri walisema kweli. Sasa mdogo wangu alikuwa na binti mmoja tu, ambaye hata darasa la kwanza alikuwa hajaanza. Mtoto alilelewa na mama yetu huko Kithimani, naye mdogo wangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha nguo Athi River, akija nyumbani sikukuu. Krismasi iliyotangulia alikuja na mikate na gauni la mtoto, amenawiri, mashavu yamejaa. Hivyo ndivyo mtoto alivyomwona mara ya mwisho. Alipozidiwa, majirani zake wa ploti aliyopanga chumba walimleta moja kwa moja hospitali.

Siku moja nilikuwa nikimpa uji kwa kijiko, kidogo kidogo, maana mdomo wote ulikuwa vidonda. Akausukuma mkono wangu.

“Dada, mimi siendi nyumbani tena.”

Nilimfuta uji kidevuni.

“Nataka mtoto wangu anione. Hilo tu. Asije akakua akafikiri nilimtupa.”

Nilimwendea muuguzi mkuu wa wadi, mama wa makamo aliyekuwa hapendi maneno mengi. Akaniambia mtoto haingii, sheria ni sheria. Kisha akashusha sauti.

“Lakini Jumapili baada ya kanisa, huko nyuma penye kamba za kuanikia shuka, mimi huwa siangalii.”

Kumbe watu walijua. Jumapili alasiri, nyuma ya wadi, watoto walisimama kwenye nyasi wamevaa nguo zao za kanisani, na wagonjwa walioweza waliinuliwa madirishani. Madirisha yalikuwa na wavu wa waya, na mtunza bustani alikuwa amepanda michongoma ili watu wasisogee. Kwa hiyo watoto walisimama mbali kidogo, wakipiga kelele, na mama zao wakipunga mkono. Wenyewe waliiita Jumapili ya madirisha.

Kitanda cha mdogo wangu kilikuwa dirishani, na hilo tuliliona kuwa bahati. Alilala na mwanamke wa upande wa Konza, ambaye mume wake alimshusha pale na hakuonekana tena. Alikuwa mgeni wadini, mwili wake haujaisha bado, na ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

“Huyu dada yako anapiga teke kama punda,” aliniambia siku ya kwanza. “Karibu nimdai fidia.”

“Mvumilie, mama.”

“Namvumilia. Nitakwenda wapi? Chini ya kitanda nako kumejaa.”

Nilipomlisha mdogo wangu nilimlisha na yeye, na thamosi ya yule mama wa Kiislamu ikawa ya watu wawili.

Jumapili hiyo mama yetu alimleta mtoto kutoka Kithimani. Nilikuwa nimemwosha mdogo wangu, nikampaka mafuta usoni na kumfunga leso nzuri kichwani. Aliniuliza kama anaonekana vizuri. Nikasema ndiyo. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa na macho, na rangi imekuwa nyeusi ya majivu.

Hakuweza kukaa mwenyewe. Nilimshika kwa upande mmoja na yule wa Konza akamshika kwa upande wa pili, naye akiwa amepiga magoti kitandani huku akihema. Ndiyo maana tulionekana dirishani watu watatu.

Mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho, haoni mbali. Nilimsikia akisema kule kwenye nyasi, “Mama yako yuko hapo. Mpungie.”

Mtoto akatazama. Alinitazama mimi, akanijua. Alimtazama mdogo wangu, macho yake yakapita. Kisha yakatua kwa yule mwanamke wa Konza, yakabaki pale.

Yule mwanamke, kama mtu yeyote anayetazamwa na mtoto, alitabasamu na kupunga mkono.

“Mama!” mtoto akapiga kelele, akirukaruka. “Mama, umepona!”

Niliona mkono wa yule mwanamke ukisimama hewani. Akaanza kurudi nyuma ili atoke dirishani. Nami nilifungua mdomo niite, niseme si huyo, ni huyu. Lakini mdogo wangu, ambaye siku hizo hakuweza kushika hata kikombe, alikuwa amekamata nguo ya mwenzake.

“Usitoke,” akasema. “Mpungie.”

“Siwezi, dadangu. Huyu ni wako.”

“Mpungie, nakuomba.”

Akapunga. Mtoto akafungua mdomo wazi kumwonyesha pengo la meno ya mbele. Akazunguka gauni lipepee, lile la Krismasi, ambalo sasa lilikuwa fupi. Akaimba wimbo wa Shule ya Jumapili mpaka mwisho, na watoto wengine wakampigia makofi. Yote hayo alimfanyia mtu asiyemjua, na mama yake alikuwa hapo kando, uso umegusa wavu, akitazama.

“Utakuja lini?” mtoto akauliza.

Yule mwanamke alimgeukia mdogo wangu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

“Mwambie nitakuja,” mdogo wangu akasema.

“Nitakuja!” yule mwanamke akaita kwa nguvu yote aliyokuwa nayo, kisha kikohozi kikamshika.

Tulimlaza mdogo wangu. Aliuelekeza uso ukutani. Nilimwambia nitashuka nimweleze mtoto, au Jumapili ijayo nitamleta tena, tuwe wawili tu dirishani, yeye na mimi.

“Umlete afanye nini?” akasema. “Mama yake ameshamwona.”

Hakumtaja mtoto tena. Watu wengine, nilipowasimulia, wameniambia kwamba alifanya jambo la upendo, kwamba alimwachia mtoto picha nzuri. Huenda. Mimi nilikuwa pale, na sikuona amani yoyote usoni mwake. Niliona mtu aliyekuja kuonekana na hakuonekana.

Siku chache baadaye nilifika langoni na thamosi yangu, na soja akanifungulia kabla ya saa bila kunikemea. Mkali yule alisema tu, “Pita, mama.” Nikajua.

Nilipokwenda kuchukua beseni na leso yake, yule wa Konza alikuwa peke yake kitandani kwa muda ule mfupi kabla hawajamletea mwingine. Aliniambia, “Nisamehe.” Nikamwambia hakuna kosa. Nilimmiminia uji akanywa. Sikurudi tena wadi ile, na sijui ni nani alimgeuza baada yangu.

Tulimzika Kithimani. Watu wa mochari walituonya tusifungue jeneza, lakini mama yetu alikataa kumzika binti yake kama furushi, likafunguliwa. Mtoto alitaka kuona, nikambeba. Aliangalia kwa makini sana.

“Mama mkubwa, huyu ni nani?”

“Ni mama yako.”

“Hapana. Mama yuko hospitali. Amepona. Alisema atakuja.”

Watu walikuwa wakituangalia. Nilimpeleka pembeni, nyuma ya ghala la mahindi, nikachuchumaa, nikamwambia ukweli wote: kwamba yule aliyempungia mkono alikuwa mgonjwa mwingine, kwamba mama yake alikuwa yule mwembamba aliyekuwa katikati, na kwamba alimwona, aliliona pengo na gauni, na wimbo aliusikia wote.

Hakulia. Alinitazama kama mtu anayetazama mwongo, akautoa mkono wake katika wangu, akaenda kusimama njiani, mahali magari yanapotokea.

Alisimama pale mpaka tulipomaliza kufukia.